Kutoka San Carlos hadi Stanley kwa miguu: siku 25 za mwaka 1982

Kati ya ghuba ya San Carlos, magharibi mwa kisiwa cha Falkland Mashariki, na mji wa Stanley ulio upande wa pili wa kisiwa, pana kama kilomita 80 kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1982 hapakuwa na barabara. Nje ya Stanley kulikuwa na njia tu za matrekta na Land Rover, kutoka shamba moja la kondoo hadi jingine, nazo wakati wa baridi hugeuka matope. Ardhi ni mboji nyeusi iliyoshiba maji, juu yake yameota mafungu ya nyasi yanayopinda kifundo cha mguu kila baada ya hatua chache. Kwenye miteremko kuna kile wenyeji wanachokiita mito ya mawe: mawe ya kijivu, mengine makubwa kama meza, yamelala bondeni kwa mamia ya mita, yakiteleza kwa kuvu na barafu. Juni ni katikati ya kipupwe. Jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Usiku una saa 16.

Vita vya Uingereza na Argentina vya kugombea Falkland, au Malvinas kama Argentina inavyoviita visiwa hivyo, husimuliwa zaidi kupitia manowari zilizozama na ndege zilizoanguka. Shajara hii inafuata mzigo: nani aliubeba, ulikuwa na uzito gani, na nini kilitokea ulipochelewa.

Kabla ya 21 Mei

Argentina ilitua Stanley tarehe 2 Aprili, na kisiwa cha Georgia Kusini kikaangukia mikononi mwake kesho yake. Siku hiyohiyo ya tarehe 3, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 502 la kutaka majeshi yaondoke. Meli za kubeba ndege Hermes na Invincible ziling'oa nanga Portsmouth tarehe 5, zikiwa na ndege za kivita 20 kwa jumla, aina ya Sea Harrier. Meli ya abiria Canberra iliondoka Southampton tarehe 9 ikiwa na vikosi vya makomando wa majini namba 40 na 42 na batalioni ya 3 ya askari wa miavuli, inayoitwa kwa kifupi 3 Para. Safari nzima ni karibu kilomita 13,000, na kituo kikuu cha njiani ni kisiwa cha Ascension.

Hapo ndipo kosa la kwanza la mzigo lilipojitokeza. Meli zilipakiwa Uingereza kwa haraka, kila kitu kikiingizwa kadiri kilivyofika gatini, hivyo vitu vya kutumiwa siku ya kwanza vikawa chini kabisa na vya mwisho vikawa juu. Ascension haina bandari ya kufunga meli. Shehena ilipangwa upya kwa helikopta na mashua, kwa wiki kadhaa. Bila Ascension, shughuli za San Carlos zingeanza kwa kutafuta risasi chini ya magunia.

Nyambizi ya Uingereza Conqueror iliizamisha manowari General Belgrano tarehe 2 Mei, wakafa Waargentina 323. Siku mbili baadaye kombora la Exocet liliipiga manowari ya Uingereza Sheffield, wakafa 20.

21 Mei: San Carlos

Mashua za kwanza ziligusa ufukwe kabla ya alfajiri, kama saa nzima nyuma ya ratiba, kwa sababu askari wenye shanta nzito walikuwa wakishuka gizani mmoja mmoja kutoka kwenye milango ya meli ya feri Norland kuingia kwenye mashua zinazopanda na kushuka na mawimbi. 2 Para na Komando ya 40 walitua San Carlos, Komando ya 45 Ajax Bay, 3 Para Port San Carlos. Komando ya 42 ilibaki akiba. Kiongozi wa brigedi alikuwa Brigedia Julian Thompson. Waargentina wachache waliokuwa Port San Carlos walirudi nyuma kuelekea mashariki, na njiani wakaangusha helikopta mbili ndogo aina ya Gazelle.

Mchana zikaja ndege. Manowari ya Uingereza Ardent ilipigwa, wakafa 22. Antrim na Argonaut zilipigwa na mabomu yasiyolipuka. Sababu ya mabomu hayo kulala kimya inafaa kueleweka vizuri. Kiwashio cha bomu la ndege kinahitaji sekunde kadhaa za kuanguka ili kijifungue, la sivyo bomu lingeweza kulipuka chini ya ndege yenyewe. Marubani wa Argentina waliruka chini sana ili kukwepa makombora, wakaachia mabomu kutoka kimo kidogo, na bomu likafika kwenye bati la meli kabla kiwashio hakijawa tayari. Ujasiri uliowafikisha kwenye shabaha ndio ulioyanyima mabomu yao muda.

22 hadi 24 Mei

Kazi ilikuwa ni kushusha. Mpango wa awali ulikuwa kuacha sehemu kubwa ya shehena melini na kuichukua kidogokidogo. Mashambulizi ya anga yaliufuta mpango huo: meli zilitakiwa kuingia usiku, kushusha, na kuwa mbali kabla ya kupambazuka. Ajax Bay, penye kiwanda kilichoachwa cha kugandisha nyama ya kondoo, pakageuka ghala la brigedi nzima.

Mitambo ya kurushia makombora ya Rapier, ya kutungulia ndege, ilipandishwa vilimani kwa helikopta, lakini vifaa vyake vya umeme vilikuwa vimetikiswa baharini kwa wiki nyingi, na jenereta zake zilihitaji petroli kila siku. Petroli ilikuwepo melini. Kilichokosekana ni madebe ya kuibebea hadi kileleni.

Tarehe 23 bomu ambalo halikulipuka liliingia ndani ya Antelope. Lililipuka lilipokuwa likiteguliwa, na kesho yake meli ilikuwa imevunjika vipande viwili majini.

25 Mei: Atlantic Conveyor

Siku hii ndiyo iliyowatembeza watu. Mchana manowari Coventry ilipinduka kwa mabomu, wakafa 19. Kisha Exocet iliipiga Atlantic Conveyor, meli ya makontena iliyokuwa ikielekea San Carlos kushusha shehena usiku huo. Walikufa 12, akiwemo nahodha wake, Ian North.

Ndani yake zilikuwemo helikopta tatu kubwa aina ya Chinook, Wessex sita, na mahema ya maelfu ya askari. Chinook ya nne, iliyoitwa Bravo November, ilikuwa angani wakati kombora lilipofika, ikasalimika, lakini vipuri, zana na vitabu vya mafundi wake viliungua. Mpango wa kuruka hadi vilima vya Stanley ulikuwa umejengwa juu ya hizo Chinook. Zilizobaki ni helikopta chache za Sea King na Wessex, na hizo zilikuwa na kazi ya kubeba mizinga na makombora kwanza. Binadamu anaweza kutembea. Mzinga hauwezi.

26 Mei

London ilitaka mwendo uanze. Thompson alipokea amri, nazo zilikuwa za pande mbili: 2 Para kusini kuishambulia Goose Green, na 3 Para pamoja na Komando ya 45 mashariki kwa miguu. 2 Para walishuka milima ya Sussex jioni hiyohiyo, wakafika Camilla Creek House usiku na kujibana ndani ya nyumba moja na vibanda vyake, wapatao 450.

27 Mei: hatua ya kwanza

Makomando wa 45 walivushwa kwa mashua kutoka Ajax Bay hadi Port San Carlos, wakaanza kupanda. Kila mmoja alikuwa na wastani wa kilo 54 mwilini: bunduki, risasi, mabomu ya mkono, mikanda ya risasi za bunduki rashasha ya kombania, chakula cha siku moja au mbili, mfuko wa kulalia, jiko dogo la vidonge, maji na soksi. Wenye redio, mizinga midogo ya mota na makombora ya Milan ya kupiga vifaru walizidi hapo.

Kilo 54 mgongoni zina kanuni zake. Mtu akikaa chini hawezi kuinuka peke yake. Mwenzake humvuta kwa mikono miwili. Kwa hiyo mapumziko ya dakika 10 kila saa yanakuwa dakika 7, kwa kuwa tatu zinaliwa na kuinuana. Akianguka kwenye mafungu ya nyasi, mzigo huendelea kumsukuma baada ya mwili kusimama, na kinachopasuka ni goti au kifundo. Majeruhi wa siku za kwanza walikuwa wa miguu na migongo, wakati risasi haijapigwa.

Walilala New House, kwenye mvua.

3 Para waliondoka Port San Carlos siku hiyohiyo kwa njia fupi zaidi. Mizigo mizito waliiacha nyuma, wakatembea na silaha, risasi na chakula kidogo, bila mifuko ya kulalia kwa wengi wao. Hizi ni shule mbili tofauti: komando hubeba nyumba yake, askari wa miavuli hukimbilia lengo na kungoja nyumba imfuate. Kwenye ardhi ile kila shule ililipa bei yake. Mmoja aliumia magoti, mwingine alitetemeka usiku kucha.

Siku hiyo pia ndege za Argentina zilipiga Ajax Bay, wakafa watu kadhaa, na mabomu mawili yakabaki ndani ya jengo bila kulipuka. Jengo hilo lilikuwa pia hospitali ya uwanja wa vita chini ya daktari wa jeshi la majini, Rick Jolly. Halikuwekwa alama ya msalaba mwekundu kwa kuwa ghala la risasi lilikuwa ubavuni, na sheria za vita haziruhusu kuchanganya viwili hivyo. Mabomu yalizungushiwa mifuko ya mchanga, upasuaji ukaendelea upande wa pili.

28 na 29 Mei: Goose Green

2 Para walianza kushambulia usiku wa manane, kwenye shingo nyembamba ya ardhi isiyo na pa kujificha. Idhaa ya Dunia ya BBC ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba askari wanaelekea huko. Lakini tatizo lililowaua watu wengi zaidi lilikuwa uzito. Batalioni ilikuwa na mizinga mitatu tu ya milimita 105 nyuma yake, maana helikopta zilitosha kuinua mitatu pamoja na makombora yake. Mota zilikuwa mbili, kwa sababu watu wasingeweza kubeba mabomu ya zaidi ya hizo. Manowari Arrow ilitakiwa kuziba pengo hilo kwa mzinga wake. Mzinga ukakwama kwa muda wa kutosha kuharibu ratiba, na kulipopambazuka meli ikalazimika kuondoka. Alfajiri iliwakuta kwenye uwanda mtupu mbele ya mahandaki. Kamanda wa 2 Para, Luteni Kanali H. Jones, aliuawa, na Meja Chris Keeble akachukua uongozi.

Asubuhi ya tarehe 29 Keeble alipeleka mateka wawili wenye bendera nyeupe na ujumbe wa kutaka kujisalimisha. Walijisalimisha karibu 1,000. Zaidi ya wakazi 100 waliokuwa wamefungiwa katika ukumbi wa kijiji tangu mwanzo wa Mei walitoka nje.

Waliojisalimisha, wengi wao, walikuwa vijana wa kuandikishwa kwa lazima. Kikosi cha 12 cha askari wa miguu kilitoka mkoa wa Corrientes, kaskazini mwa Argentina, nchi ya joto na mito. Waliletwa kwenye kipupwe cha kusini bila zana zao nzito, ambazo zilibaki bara. Anayewahukumu kwa kujisalimisha na aanzie hapo.

Majeruhi wa pande zote mbili walipelekwa Ajax Bay, kisha kwa helikopta hadi meli ya hospitali Uganda. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalitambua jina hilo. Uganda na dada yake Kenya zilijengwa miaka ya mwanzo ya 1950 kwa ajili ya njia ya London hadi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira. Baadaye Uganda iligeuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi. Aprili 1982 wanafunzi waliteremshwa Naples, meli ikaingia Gibraltar, ikapakwa rangi nyeupe na misalaba mekundu, ikajengewa uwanja wa helikopta nyuma na wodi ndani. Ilikaa kaskazini mwa visiwa katika eneo la bahari ambalo pande zote mbili zilikubali lisiguswe, na meli za upimaji za Hecla, Hydra na Herald zikawavusha wagonjwa kutoka hapo hadi Montevideo, ambako ndege zilingoja.

Siku hizohizo makomando wa 45 walifika Douglas, na 3 Para wakawatangulia Teal Inlet.

30 na 31 Mei: Mlima Kent

Makomando wa 45 waliingia Teal Inlet usiku wa tarehe 30. Teal ilikuwa na umuhimu wake: ni ghuba inayoingilika kwa meli ndogo, kwa hiyo ghala jipya la mbele lingeweza kufunguliwa hapo, na helikopta zipunguziwe nusu ya safari.

Hapa ndipo miguu ilipoanza kuoza. Buti la jeshi la Uingereza la wakati huo lilikuwa la ngozi, na soli yake ilibandikwa kwa kuyeyushwa moja kwa moja. Lilinyonya maji ya mboji na halikukauka. Mguu ukikaa ndani ya maji baridi siku nyingi, mishipa midogo ya damu hujifunga, vidole hufa ganzi, kisha damu inaporudi mtu husikia maumivu kama ya kuungua. Huo ndio mguu wa handaki, uliokwisha kuelezwa tangu vita vya 1914. Dawa yake inajulikana: soksi kavu mara mbili kwa siku, miguu isuguliwe na kupakwa poda, na jozi iliyoloa ikaushwe kifuani ndani ya shati. Inamtaka mtu avue buti kwenye theluji akiwa amechoka kiasi cha kutaka kulala alivyo. Makoplo waliosimama juu ya watu wao hadi soksi zikabadilishwa waliokoa miguu mingi kuliko madaktari. Buti za Waargentina zilikuwa bora zaidi kuzuia maji, na Waingereza wengi walimaliza vita wakiwa wamezivaa.

Maji ya kunywa yalitoka madimbwini, meusi, yakatiwa vidonge. Chakula cha kipupwe kilikuwa kikavu na kilihitaji lita kadhaa za maji kwa siku. Vidonge vya moto vilipoisha, watu walikila kikiwa unga. Kuhara kulienea.

Usiku wa tarehe 30 kombania moja ya Komando ya 42 ilirushwa hadi Mlima Kent. Jaribio la usiku uliotangulia lilikuwa limeshindwa: theluji ilizifunga helikopta macho zikarudi. Bravo November ilibeba mizinga mitatu, miwili tumboni na mmoja ukining'inia. Iliporudi gizani ilipiga maji kwenye dhoruba ya theluji, ikapoteza mlango wa rubani, ikanyanyuka tena. Kilele cha Kent kinaangalia Stanley moja kwa moja. Kumwachia adui kilele kama hicho bila kukilinda kwa nguvu lilikuwa kosa la makamanda wa Stanley lisilo na udhuru.

3 Para walifika Estancia tarehe 31, wakisaidiwa na wenyeji waliotoka mashambani na matrekta na Land Rover zao, wakiendesha usiku bila taa kwenye njia walizozijua tangu utotoni. Gari pekee la mizigo la jeshi lililoyamudu yale matope lilikuwa lile la minyororo la Volvo, lililoundwa kwa ajili ya theluji ya Skandinavia.

1 hadi 4 Juni

Brigedi ya 5 iliteremka San Carlos: batalioni za Gurkha, Scots Guards na Welsh Guards. Makomando na askari wa miavuli walikuwa wamejengwa kwa ruti machi na baridi. Welsh Guards walikuwa wametoka kwenye kazi za gwaride London, wakapata mazoezi ya wiki chache tu. Walijaribu kuvuka milima ya Sussex kwa miguu, magari yao ya mizigo yakakwama, na baada ya takribani saa 12 wakaamriwa kurudi. Tangu hapo kusafiri kwao kukategemea bahari.

Tarehe 2 maofisa waliruka hadi Swan Inlet, wakaikuta simu ya mashambani ikifanya kazi, wakapiga Fitzroy na kuuliza kama Waargentina bado wapo. Wameondoka, walijibiwa. Chinook ile moja ikapakia watu 81 wa 2 Para, wamesimama kama abiria wa daladala, karibu mara mbili ya idadi ya kawaida, ikawapeleka. Ilikuwa bahati kubwa, na pia mtego: askari wa mbele sasa walikuwa Fitzroy na Bluff Cove bila chakula, bila mizinga, bila njia ya kuwafikia isipokuwa baharini.

Kufikia tarehe 4 makomando wa 45 walikuwa wamepiga kambi chini ya Mlima Kent, na wote walikuwa wametembea.

5 hadi 7 Juni

Scots Guards walishushwa kwenye mashua karibu na kisiwa cha Lively na kuachiwa safari iliyobaki. Saa saba katika mashua wazi, upepo na maji ya chumvi, hadi Bluff Cove. Usiku huohuo manowari Cardiff iliangusha helikopta ya jeshi lake yenyewe kwa kudhani ni ya adui, wakafa wanne.

8 Juni: Fitzroy

Meli Sir Galahad ilifika mbele ya Fitzroy asubuhi, mchana mweupe, ikiwa na Welsh Guards. Kikosi chao kingine kilikuwa Bluff Cove, na daraja kati ya sehemu hizo lilikuwa limeharibiwa, hivyo maofisa walitaka wapelekwe hadi Bluff Cove kwa mashua. Mashua zilikuwa chache, moja imejaa risasi, mlango wa nyingine ukaharibika. Mitambo ya Rapier nchi kavu ilikuwa bado inatengenezwa. Hivyo watu walikaa ndani ya meli kwa zaidi ya saa tano, chini ya anga iliyosafika, huku doria za Argentina zikiwaona kutoka vilimani. Ndege za Skyhawk za Argentina zilikuja mchana. Walikufa 48 kwenye Sir Galahad, 32 kati yao Welsh Guards, na wawili zaidi kwenye meli ya jirani, Sir Tristram. Mashua ya meli Fearless ilizamishwa siku hiyohiyo, wakafa sita.

Kila mtu aliyehusika alikuwa na sababu iliyokuwa na maana kwa wakati wake. Tunachoweza kusema bila kumwonea mtu ni kwamba kanuni ilikuwa inajulikana tangu 21 Mei: watu hutoka melini kwanza, mabishano yafuate ufukweni.

9 na 10 Juni

Makombora yalirundikwa nyuma ya mizinga 30. Kombora moja lina uzito wa karibu kilo 15, na Sea King zilisafiri bila kupumzika tangu kupambazuka hadi kuzama jua. Doria zilitambaa usiku kutafuta mapengo katika mabomu ya ardhini.

11 na 12 Juni: vilima vitatu

3 Para waliuendea Mlima Longdon kimyakimya, bila mizinga kutangulia. Koplo mmoja alikanyaga bomu la ardhini, mguu ukaenda na siri ikaenda. Vita vya mwamba kwa mwamba viliendelea usiku kucha. Pamoja na waliouawa kwa makombora siku mbili zilizofuata, Longdon iliwagharimu watu 23.

Kwenye Two Sisters, kombania moja ya 45 ilikuwa imepangiwa saa tatu za kufika mstari wa kuanzia. Ilichukua zaidi ya sita, kwa sababu ilibeba mitambo na makombora ya Milan kupitia mito ya mawe gizani. Mpango ulibadilishwa papo hapo na kilima kikachukuliwa. Komando ya 42 waliuzunguka Mlima Harriet kupitia eneo la mabomu, wakapiga kutoka nyuma, na kukamata mateka karibu 300.

Mabomu hayo yalikuwa ya plastiki, yaani vigumu kuonekana kwa kifaa cha kutafuta chuma, na mboji na mchanga vikayahamisha. Kuyaondoa kulianza kwa dhati mwaka 2009, na wengi wa walioifanya kazi hiyo, wakipiga magoti mwaka baada ya mwaka kwenye upepo ule, walitoka Zimbabwe. Visiwa vilitangazwa kuwa salama tarehe 14 Novemba 2020.

Usiku huo kombora la manowari ya Uingereza lilipiga nyumba ndani ya Stanley na kuua wanawake watatu wakazi, raia pekee wa visiwa waliouawa katika vita vyote. Kabla ya alfajiri, Exocet iliyofungwa juu ya tela nchi kavu iliipiga manowari Glamorgan, wakafa 14.

13 na 14 Juni

Scots Guards waliupanda Tumbledown dhidi ya batalioni ya 5 ya wanamaji wa Argentina, kikosi kilichozoea baridi, kilichopewa chakula na buti, na ambacho kilipigana hadi singe zikatumika. Tofauti kati yao na vijana wa Corrientes haikuwa ya moyo.

2 Para walichukua Wireless Ridge, na hapa mzigo ulikuwa umefika. Walikuwa na betri mbili za mizinga, mota za kutosha, manowari, na vifaru vyepesi vya Scorpion na Scimitar, vyenye uzito wa tani nane hivi lakini vinavyoikanyaga mboji kwa wepesi kuliko mguu wa mtu. Walikufa watatu. Goose Green ilikuwa batalioni ileile.

Asubuhi Waargentina walianza kutelemka kuelekea mjini. Baadhi ya mizinga ya Uingereza ilikuwa imebakiwa na makombora ya kuhesabika. Jenerali Mario Menéndez wa Argentina alitia saini hati ya kujisalimisha mbele ya Jenerali Jeremy Moore wa Uingereza. Hati inataja dakika moja kabla ya saa 6 usiku kwa saa ya Greenwich, na neno "bila masharti" limekatwa kwa kalamu. Vita vilikuwa vimekula siku 74, Waargentina 649 na Waingereza 255.

2 Para walikuwa wa kwanza kufika kwenye lami, wakaamriwa kusimama kwenye uwanja wa mbio za farasi. Mjini walikuta makontena yaliyojaa chakula, kilomita chache kutoka kwenye mahandaki ambako walioshindwa walikuwa wamekonda kwa njaa. Yalikuwa yamefika Stanley kwa ndege na meli. Hakukuwa na mpango wa kuyapandisha kilimani.